Visheti vya Lamu

Naikumbuka asubuhi ile, mjukuu wangu, kuliko ninavyokumbuka nilichokula jana. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi Fatma na mdogo wangu Zuhura. Kila mmoja na shanta mgongoni, tumesimama mbele ya bibi, mamake baba, nyumbani kwetu Kisauni. Uhuru ulikuwa bado ni maneno ya mikutanoni, na mimi nilikuwa mwari anayejiona mkubwa.

Bibi alitutazama mmoja mmoja. "Mwenda wapi na mizigo yote hiyo?"

"Lamu, mama," baba akasema. "Twenda kwenye maulidi. Yakisha twarudi."

Uongo mtupu. Tulikuwa twenda Bara Hindi. Baba alifanya kazi bandarini, akipokea makasha yaliyoandikwa Karachi, Bombay, Rangoon, mpaka majina hayo yakamwingia kama homa. Alitaka kuiona miji hiyo kwa macho yake, na sisi tuione. Sasa, kwetu mtu hafungi safari ya bahari kuu bila kupiga magoti mbele ya mzazi wake na kuomba radhi. Baba alijua hataipata. Babu alikwenda huko huko asirudi, na bibi alikuwa ameapa hatamtoa mwana kwa njia ile. Kwenda Lamu hakuhitaji magoti.

Bibi akaingia jikoni, akatoka na kikapu cha visheti. "Mpeni dadangu wa Lamu. Mwambieni mwakani n'takwenda mwenyewe."

Visheti vile tulivila sitahani, juu ya meli, nchi kavu imeshapotea machoni. Mama aligawa. Baba aligeuza uso, hakula.

Ningependa kukwambia safari ilikuwa mbaya. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniuma. Tulilala kwenye nyumba za wasafiri karibu na misikiti, tukapanda treni za daraja la chini, mama na mimi tukishona kofia njiani na baba akiziuza. Karachi, Lahore, Delhi, mpaka Rangoon. Zuhura akajua Kiurdu kuliko Kiswahili. Kila mji mama alisema, "Baba Fatma, mpelekee mamako salamu," na kila mji baba alijibu kwamba atazipeleka tukifika mji wa mbele. Angesema nini? Salamu za kutoka Delhi zingemwambia bibi kwamba hatukwenda Lamu. Kadiri tulivyokaa, ndivyo uongo ule ulivyozidi kuwa mgumu kuutoa. Maulidi yakapita, mengine yakaja. Miaka ikakatika.

Huku nyuma, majirani walitueleza baadaye, bibi alishinda kando ya barabara ya Malindi. Kila basi lililotoka kaskazini alilisimamisha. "Lamu mwatoka? Hamkumuona mwanangu na wanawe?" Hakuna aliyetuona. Watu wakasema tumezama kwenye kivuko cha mto Tana, wakatusomea khitma. Wallahi, mjukuu wangu, tulisomewa khitma tukiwa hai, tunakula matunda stesheni. Bibi hakuugusa wali wa khitma ile. Alisema mwanawe hakufa, yuko maulidini.

Tulirudi bendera za Uhuru zinatundikwa. Bibi alikuwa barazani, amekonda, mikono imetulia mapajani. Baba akampigia magoti, shanta ingali mgongoni.

"Shikamoo, mama. Ndimi. Tumerudi."

"Marahaba. Karibuni, wageni. Mwatoka wapi?"

 Nadhani baba alitafuta neno litakalomrudishia bibi kumbukumbu. "Twatoka Lamu, mama."

Macho ya bibi yakang'aa. "Lamu! Basi hamkumuona mwanangu huko?"

Sijapata kumsikia mwanamume akilia vile. Kuanzia hapo kila siku alimpelekea uji kwa mkono wake, akamwomba radhi. Bibi alimpenda sana yule mgeni. Alimwombea heri, alimwombea riziki. Lakini radhi, la. "Hiyo ni ya mwanangu, baba. Namuwekea. Atarudi."

Ramadhani ilipoingia bibi alikuwa keshakufa. Baba alishuka kaburini kumlaza. Kisha akazunguka kwa mashekhe kuuliza kama radhi aliyowekewa mtu wa Lamu ni yake au si yake. Kila mmoja alimjibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Baba aliishi miaka mingi, hakusafiri tena, na alifariki akiuliza swali lile lile.

Mjukuu wangu, wewe uliyefunga mizigo ukaificha chini ya kitanda, sikukatazi kwenda. Dunia ni nzuri, nimeiona. Lakini mwambie mamako jina la mji unaokwenda, hata akilia, hata akikukatalia, hata mkikosana mbele za watu. Mzazi aliyekukatalia utamrudia umbembeleze, siku moja atalainika. Aliyekusahau utampigia magoti, naye atakukaribisha mgeni. Nimezeeka nikitafuta dawa ya hilo, sijaipata.

Mungu akufikishe salama uendako, na akurudishe mamako angali analijua jina lako. Amina. Haya, inuka. Yuko jikoni.