Nilivyofungua kampuni free zone ya Ghuba nikiwa Etobicoke, na kamati ikaja na pilau

Wakuu, heshima kwenu.

Leo niwape kisa changu. Sijaongeza chumvi. Mke wangu naye ni member humu, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya nitaumbuka.

Hii ni miaka ya 2010 na kitu. Nilikuwa naishi Etobicoke, pale Toronto, kwenye yale maghorofa ambayo lifti ikifa unawafahamu majirani wote kwenye ngazi. Kazi yangu ilikuwa ukarani kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Kila siku naona spea za magari zinatoka Ghuba kwenda Dar, na kila siku najiuliza kwa nini zisiwe zangu.

Kwa wasiojua, wakati ule ukitaka kufungua kampuni kule ilibidi utafute mwenyeji awe mbia wako, tena yeye ndiye mwenye hisa nyingi. Ila kuna maeneo maalum, free zone, ambako mgeni anamiliki kampuni yote peke yake.

Hilo neno "peke yake" lilinikaa kichwani wakuu.

Mimi ni kitindamimba. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na kitu changu peke yangu. Mashati ya kaka, kitanda cha wote, hata jina nilirithi la babu. Nikasema hii itakuwa yangu, na nitaiita jina la marehemu mama, Anyesi. Mama aliuza mitumba miaka yote kwenye kibanda kisicho na kibao. Nilitaka jina lake liandikwe mahali.

Nikapata wakala wa usajili mtandaoni, dada mmoja wa kule kule, mpole sana. Mambo yakaanza kwenda.

Kosa nililofanya ni kumwambia Mama Kimaro.

Mama Kimaro alikuwa mwenyekiti wetu Watanzania wa pale. Msiniulize wa nini. Harusi, msiba, ubarikio, graduation, mtu akinunua nyumba Markham, mwenyekiti ni yeye. Nilimwambia nje ya kanisa, tena kwa kujisifu kidogo.

Akaniangalia kwa huruma. "Baba Neema, unafungua kampuni bila kamati? Kwani wewe huna watu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jioni ile ile nikakuta nimeingizwa kwenye group la WhatsApp, Kamati ya Kampuni ya Baba Neema. Katibu yupo, mweka hazina yupo, kuna kamati ndogo ya chakula, na kuna Bwana Temu wa vinywaji. Sasa jamani, kampuni ya spea ina kazi gani na mtu wa vinywaji? Nikamuuliza mke wangu, akanijibu ninyamaze, watu wananipenda.

Tukaja kwenye jina. Wakala alitaka majina matatu, la kwanza likikataliwa waangalie linalofuata. Mimi nikasema Anyesi. Kamati ikasema zuri, ila halina mvuto wa biashara. Likapita "Mungu ni Mwema General Trading", kwa makofi. La pili "Toronto Wazalendo Investment". Anyesi likawekwa la mwisho ili nisinune.

Majibu yakarudi. Kule kampuni hairuhusiwi kubeba jina la Mungu. Bwana Temu akaandika kwenye group kwamba tunapigwa vita. La pili nalo likagonga mwamba, kumbe neno investment lina leseni yake nyingine.

Anyesi likapita bila swali. Nilifurahi mno, lakini kwenye group nikaandika tu "poleni wajumbe".

Ikabaki mahojiano na watu wa free zone kwa video. Yule dada wakala akanionya: wakihisi kuna watu nyuma yako ambao hukuwataja, maombi yanafutwa. Na mimi sikuwa na uwezo wa kuanza upya. Ikapangwa Jumapili asubuhi yetu, maana kule Jumapili ilikuwa siku ya kazi.

Nikamtajia Mama Kimaro ile saa ili waniombee. Kuomba tu, wakuu.

Asubuhi mlango ukagongwa. Kamati nzima. Tena na SARE! Kitenge cha bluu, kina mama na vilemba vyao, Bwana Temu na shati lake. Kumbe walishona kimya kimya. Lifti ilikuwa imekufa, sufuria la pilau limepandishwa kwa ngazi.

Nikawaomba wakae chumbani. Mama Kimaro akasema, "Ukahojiwe peke yako kama mwizi?" Kabla sijajibu, laptop ikaanza kuita. Wakajipanga nyuma ya kiti changu.

Akatokea afisa wa free zone, baba mmoja mwenye miwani. Akauliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye mmiliki pekee.

Nikafungua mdomo. Mama Kimaro akaniwahi: "Excuse me sir, introductions first."

Si mnatujua? Hakuna kikao bila utambulisho. Akaanza yeye, "I am the Chairperson." Akafuata Secretary. Akafuata Treasurer. Afisa anaandika. Bwana Temu akasogea mbele, akafunga kifungo cha shati, akasema, "Drinks."

Afisa akamwangalia kwa muda. Kisha akaandika.

Akanigeukia. Kwenye fomu nimesema kampuni haina bodi, akauliza, mbona yeye anaona mwenyekiti, katibu na mweka hazina? Basi anahitaji pasipoti za hawa wote.

Nyuma yangu nikasikia zipu za mikoba. WALIKUJA NAZO.

Niliona jina la mama linafutwa huku naangalia. Nikageuka, nikasema, "Mama Kimaro, mnisamehe. Kampuni hii ni yangu peke yangu. Sina mbia."

Aliyekuwa anapakua pilau akabaki na mwiko mkononi.

Mama Kimaro akanishangaa kweli kweli. "Kwani nani kasema ni yetu? Hata harusi yako tulifanya kamati. Kuna mjumbe aliyekudai mke?"

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka, nyumba nzima ikafuata. Afisa akauliza kuna nini. Nikamtafsiria yote. Akavua miwani, akageukia pembeni, mabega yanatikisika.

Aliporudi akataka kila mmoja atamke kwamba hana hisa. Wakatamka. Bwana Temu akasema, "No shares, sir. Only drinks."

Leseni ikatoka. Niliposoma Anyesi pale juu nililia kama mtoto, na sioni aibu kusema.

Nilichojifunza? Kampuni isiitwe jina la Mungu, na siku ya mahojiano funga mlango. Bila wale watu ningemaliza mapema sana. Lakini siku ile leseni ilipofika, nilishika simu nimpigie mtu nimwambie, na wa kwanza kumpigia alikuwa Mama Kimaro.

Haya, mliopita free zone tupeni uzoefu wenu, na wenye kuponda pondeni. Ila mwenye kujua Kiingereza cha kamati anisaidie. Yule afisa aliniuliza mwishoni hawa ni nani hasa, na nilishindwa kumjibu.