Msalaba Kando ya Jina la Anna Barbara

Watu wa Nyahururu walisema ati nilienda Amerika kufua nepi. Huo ni uongo. Kule nepi haifuliwi, inavaliwa mara moja inatupwa, na takataka ya mtoto mmoja kwa wiki inajaza lori la viazi. Mimi nilienda kujiona nimezaliwa. Binti yangu Ciku, ambaye ni nesi huko Minnesota, alipata msichana wa pili, na nyinyi mnajua kwetu msichana wa pili ni wa mama ya mama. Kwa hivyo aliyezaliwa ni Wangari, yaani mimi. Sasa mtu azaliwe na yeye mwenyewe asiwepo?

Lakini ya mtoto niliwasimulia siku ile mlikuja kunipokea. Leo nawaambia vile mimi, mwanamke wa darasa la tatu, nilitoka kwa nyumba ya binti yangu kwenda kutafuta msichana wa Kijerumani aliyeandikwa amekufa kabla Amerika haijawa na rais hata mmoja, na nikampata. Sisemi hakuna chumvi hapa. Iko, lakini ya kiasi.

Plymouth, siku ya Ijumaa, saa nane mchana. Ciku anakaa hapo, kwa nyumba za ghorofa. Chini yake anaishi mama mmoja wa miaka themanini na mbili anaitwa Hilda, mrefu, amenyooka kama mlingoti wa stima. Tulikuwa marafiki kutoka wiki ya kwanza. Kizungu changu nilikisomea kwa watalii pale kwetu kwa maporomoko ya maji nikiwauzia mahindi choma, kwa hivyo tunaelewana vizuri mradi asiharakishe. Hiyo siku niliteremka na mtoto mgongoni nikapata Hilda ameinamia Biblia kubwa kama mlango wa banda la kuku, machozi yanadondoka kwa meza.

“Nani amekufa?” nikamuuliza.

“Aliyekufa alikufa zamani, Wangari. Shida ni kwamba wanataka abaki amekufa.”

Akanieleza pole pole. Babu wa ukoo wao, mtu anaitwa Johann Peter, alitoka Ujerumani kwa meli na mke wake na mama yake mzazi, wakafika Pennsylvania. Hilda anatoka kwa binti wa huyo mzee, Anna Barbara. Hivyo ndivyo imeandikwa kwa Biblia, mkono kwa mkono, mpaka baba yake Hilda. Lakini kuna binamu yake anaitwa Elmer, anakaa Anoka, alikuwa mkubwa wa benki na sasa amestaafu. Huyo ndiye anaandika kitabu cha ukoo. Elmer anasema Anna Barbara alikufa akiwa na miaka miwili. Kwa hivyo huyo mama wa zamani wa upande wa Hilda alikuwa msichana wa kazi tu, mmoja wa wale walioletwa na meli wakafanya kazi miaka kadhaa kulipia safari, na akajibandika jina la nyumba. Kitabu kinaenda kwa mpiga chapa Jumatatu, na watu wa Hilda hawamo.

“Na Jumapili wanakutana kanisani Anoka,” akasema. “Ameniandikia nije na kahawa. Kila mwaka mimi ni wa kahawa.”

“Kuwa msichana wa kazi kuna ubaya gani?”

“Hakuna. Kama ni kweli nitaisema kwa sauti. Lakini baba yangu alikufa akiitwa mwongo kwa sababu ya hii Biblia.”

“Hizo karatasi za Elmer alizitoa wapi?”

“Saint Paul. Kuna nyumba ya kumbukumbu, vitabu vya makanisa ya zamani vimepigwa picha vikawekwa kwa filamu.”

“Ni mbali?”

“Nusu saa kwa gari.”

“Nusu saa, Hilda, na umeketi hapa unalia?”

Plymouth tena, Jumamosi asubuhi saa tatu. Ciku alikuwa ofu, hana zamu, akasimama mlangoni amembeba mtoto, ananizuia.

“Mami, huwezi kwenda. Hiyo baridi inakata masikio, nimewaona waliokatwa hospitali kwa macho yangu.”

“Masikio yangu yana miaka sitini. Yamesikia ya kutosha.”

“Na Hilda anadraivu akiwa na miaka themanini na mbili, mami!”

“Basi ana experience.”

Nikavaa koti la mume wake juu ya koti langu, juu ya sweta tatu, nikawa mnene sana hata ngazi nikateremka kwa kubingirika. Ulikuwa mwezi wa tatu lakini theluji bado inafika magotini. Nilitema mate, nikasikia yamegonga lami kama ushanga.

Njiani. Gari ya Hilda ilikuwa ndefu. Boneti ikiingia Minneapolis, buti bado iko Plymouth inafunga milango. Na Hilda haendeshi gari, anaisindikiza. Malori yalituovateki, basi za wanafunzi zikatuovateki, na pale karibu na mto Mississippi nina hakika kuna bata alitupita akitembea. Nilikuwa nimeshika Biblia kwa mapaja, nzito hata miguu ikafa ganzi. Hilda yeye anaongea, ameshika usukani kama anakamua ng’ombe. Aliniambia vile, akiwa mdogo, kwa mikutano ya ukoo watoto wa akina Elmer walikuwa wanaketi meza ya mbele na akina Hilda meza ya karibu na jiko. Hakuna mtu aliwahi kusema kwa nini. Walijua tu pa kukaa.

Saint Paul, saa tano kasoro. Tulifika kwa jumba la mawe, ndani kimya mpaka unasikia mkufu wa mtu ukisugua shingo. Mama mmoja wa miwani akatupeleka kwa mashine yenye taa, kama sinema ya mtu mmoja. Unazungusha mkono wa chuma na kurasa za kitabu cha kanisa zinapita, maandishi yenyewe ni kama kuku amekanyaga wino akakimbizwa na mwewe. Hilda anaweza kuyasoma, baba yake alimfundisha akiwa mtoto. Mimi Kijerumani changu ni cha watalii, kinaanzia “moja” na kinaishia “bei ghali sana”.

Saa sita. Saa saba. Tulikula mkate kwa ngazi na kurudi. Kama saa nane Hilda akasimamisha mkono.

“Huyu hapa. Anna Barbara, binti wa Johann Peter.” Akaweka kidole kwa kioo. “Na angalia kando.”

Kando ya jina kulikuwa na kamsalaba kadogo ka wino. Hata mimi sikuhitaji kuambiwa ni ka nini.

“Amekufa,” Hilda akasema. “Na kwa kurasa za vifo wamemwandika, miaka miwili, kama Elmer alivyosema.” Akavua miwani, akaanza kukunja karatasi zake. “Tuende nyumbani, Wangari. Nitachemsha kahawa yao.”

Ningekuwa mtu wa adabu ningeamka. Lakini mimi nimeuza mahindi mvuani miaka ishirini, sijui kuamka mahali kabla soko halijafungwa. Nikamuuliza, “Huyu mtoto alipewa jina la nani?”

“Sijui. Ni jina tu.”

“Hakuna jina tu. Soma tena. Nani alimbeba akibatizwa?”

Akavaa miwani kwa shida. “Anna Barbara, mjane. Mama ya Johann Peter.”

“Aa. Yule cucu, yaani nyanya, aliyekuja na meli. Huyo cucu alikuwa hai mtoto akifa?”

Akatafuta kwa vifo. Cucu hakuwepo kwa huo mwaka, wala uliofuata.

Nikashika mkono wa Hilda, nikaurudisha kwa mashine. “Sasa sikia mimi. Mtoto akifa, mtoto ndiye anazikwa. Jina la cucu haliwezi kuzikwa na cucu bado anakunywa uji. Huyu Johann Peter alikuwa na deni la jina kwa mama yake. Akipata msichana mwingine atamwita nani?”

“Huko Kenya labda, Wangari. Hawa ni Wajerumani.”

“Mjerumani hana mama?”

Akazungusha. Mvulana. Akazungusha. Mvulana tena, mnene nadhani, jina lake lilikuwa refu mistari miwili. Yule mama wa miwani akaja akanong’ona ati wanafunga saa kumi. Hilda akasema macho yanamuuma, hizo ni kurasa arobaini sasa. Nikamwambia bado ana jicho la kushoto hajalitumia. Zikabaki dakika ishirini. Kumi na tano. Mama wa miwani akaanza kuzima taa za upande wa pili, na mimi nikaketi wima nikapanua lile koti kubwa ili asione swichi yetu iko wapi.

Halafu Hilda akaacha kuzungusha.

“Anna Barbara,” akasoma. “Baba Johann Peter. Mama yule yule. Amebebwa na Anna Barbara, mjane.” Akasogeza pua mpaka ikagusa kioo. “Hakuna msalaba.”

“Elmer alifika wapi?”

“Alifika kwa msalaba,” Hilda akasema. “Akafunga kitabu.”

Mama wa miwani alitutolea nakala ya kurasa zote mbili, na sauti yake haikuwa ya kunong’ona tena.

Anoka, Jumapili, saa saba mchana. Hii mara Ciku ndiye aliyeendesha, kwa hivyo tulifika siku hiyo hiyo. Anoka ni mji wa zamani kando ya mto, na ukumbi wa kanisa uko chini ya ardhi kama pishi la viazi. Ndani walikuwa watu kama sitini, wote warefu, wote wana nywele rangi ya mahindi machanga. Kwa meza kulikuwa na jeli ya kijani imefungiwa vipande vya karoti ndani, inatetemeka yenyewe kama inajua dhambi zake. Mtoto nilimbeba mgongoni kwa leso. Hilda alibeba nakala. Kahawa hakubeba.

Elmer alikuwa meza ya mbele, tai nyekundu, muswada wa kitabu mbele yake umepigwa taipu safi. Hakuwa mtu mbaya. Alimpiga Hilda busu shavuni, akauliza chupa za kahawa ziko wapi. Hilda akamwekea karatasi mkononi.

“Hilda, mpenzi, hili tumeongea,” akasema bila kuangalia. “Kuna msalaba. Msalaba maana yake amekufa. Mtu aliyekufa hazai.”

“Soma ya pili.”

Akasoma. Masikio yakawa rangi ya tai. “Hili ni jina la kawaida sana. Siwezi kubadilisha kitabu chote dakika ya mwisho kwa sababu ya… Na huyu bibi ni nani?”

Nilikuwa nimeahidi Ciku kunyamaza, na nilinyamaza kutoka mlangoni mpaka pale, hatua kama kumi na mbili.

“Mimi ni Wangari, mzee. Kabla yangu mama yangu alizaa Wangari mwingine, wa jina la cucu mzaa baba. Alikufa hajaota meno. Nilipozaliwa wakanipa jina hilo hilo, kwa sababu cucu alikuwa bado anangoja. Sasa niambie mbele ya hawa watu. Mimi nimekufa?”

Mzee mmoja nyuma akasema, “Anaonekana mzima, Elmer,” na vicheko vikapasuka. Nikageuka nikawaonyesha mgongo. “Na huyu hapa ni Wangari tena. Mnatuita watu wa kazi au mnatuita ukoo?”

Ciku alikuwa ameficha uso kwa mikono. Lakini mama mmoja kutoka Woodbury, mjukuu wa sijui nani, akasema taratibu kwamba bibi yake yeye pia alipewa jina la dada aliyekufa, na kwamba hilo walilijua wote, basi tu hawakulifikiria.

Elmer akapiga muswada kwa vidole. “Kurasa zimepangwa. Hakuna nafasi. Jumatatu asubuhi mpiga chapa—”

Hilda akaona kalamu kwa mfuko wa shati lake, akaichomoa. Akavuta muswada, akafungua mahali pa watoto wa Johann Peter, na kati ya mvulana wa mistari miwili na yule aliyemfuata akaandika kwa mkono wake: Anna Barbara. Chini yake akaandika wote waliotoka kwake, mpaka baba yake, mpaka yeye. Maandishi yalipanda kama yanakwea mlima. Wino ukamwagika kidogo.

“Umeharibu ukurasa,” Elmer akasema.

“Ulikuwa umeharibika,” Hilda akajibu, akamrudishia kalamu. “Sasa nani ananiletea kahawa?”

Akaketi meza ya mbele. Elmer mwenyewe ndiye aliyeamka kwenda jikoni, na sukari akasahau.

Safari ya kurudi Plymouth. Tulipokaribia kufika Ciku akasema, “Mami, ile ya Wangari wa kwanza hukuwahi kuniambia.”

“Hukuwahi kuniuliza kwa nini siku yangu ya kuzaliwa cucu wako alikuwa anaandika Wangari mara mbili kwa karatasi.”

Akaita “Mami” tena, na mimi na mtoto, ambaye naye Ciku anamwita Mami kwa vile ana jina langu, tukageuka wote wawili. Nyuma Hilda alikuwa amelala, Biblia kwa mapaja, mdomo wazi kama ndoo.

Nyahururu. Mimi nilirudi mwezi wa sita, na baada ya hapo posta ikaniletea kile kitabu. Elmer hakupata muda wa kupiga ukurasa ule upya, kwa hivyo alipiga picha ulivyo. Kurasa zote ni chapa nadhifu za benki, isipokuwa huo mmoja ambao umeandikwa kwa mkono wa mwanamke mwenye hasira, na doa la wino juu yake. Kiko kwangu kwa kabati, anayebisha aje aone, lakini anawe mikono kwanza.

Nyinyi mnaniuliza niliwaletea nini kutoka Amerika. Nimeleta hii. Siku moja mtu wa kanisa letu atachora msalaba kando ya jina Wangari. Sawa, achore, nitakuwa nimechoka. Lakini ukiuona, usifunge kitabu kama Elmer. Geuza kurasa.