Njiwa wa Kioo cha Lori

Mke wa shemeji yangu alijifunza kazi ya vioo kwangu. Nalisema hilo kwanza kwa sababu hapa Moding watu wamelisahau. Tanuri lililo nyuma ya jiko nililijenga mimi, kwa udongo wa kichuguu. Chupa nilizifuata mimi Malaba, kwenye baa na vyumba vya kulala madereva wa malori, nikazibeba kwa gunia. Yeye aliolewa hapa hajui hata kukata chupa. Nikamwonyesha kupanga vipande juu ya kigae, kuviyeyusha kwa makaa mpaka vishikane, kisha kufunika tanuri kwa majivu siku mbili ili kioo kipoe polepole.

Mwaka wa pili akatengeneza njiwa wa chupa ya kijani. Njiwa wangu, nikisema ukweli, hufanana na kuku. Wake alikuwa karibu kuruka. Nilimsifu, kisha nikaenda jikoni nikasonga ugali kwa hasira mpaka mume wangu akauliza ugali umekosa nini.

Halafu padri akaja nyumbani. Kanisa jipya lilikuwa na nafasi ya dirisha la duara juu ya altare, na mimi nilikuwa nimelichora kichwani kwa miezi. Nikamfutia kiti.

"Asante, mama," akasema. "Na yule mama wa njiwa yuko?"

Nilimwita kwa sauti tamu. Kwa wivu nikaisahau chai motoni.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikasubiri atie maji. Wapi! Kila asubuhi alikuwa tanurini kabla yangu, akiimba, na kuimba kwake kuliniudhi kuliko kazi yenyewe.

Jambo moja sikuwa nimemfundisha, kwa kuwa tangu mwanzo kila pambo tulilikata kutoka chupa moja. Chupa haipatani na kioo cha gari. Ukiviyeyusha pamoja vitashikana vizuri, utafurahi, lakini kila kimoja hupoa kwa namna yake, na huendelea kuvutana ndani mpaka siku vinapopasuka. Mimi nililijua baada ya kupoteza msalaba wangu wa kwanza.

Siku moja akaniletea kigae chenye vipande vya dirisha la kanisa. Anga lilikuwa la chupa ya kijani, na katikati amelala njiwa mweupe, aliyemkata kutoka kioo cha mbele cha lori lililoanguka barabarani.

"Dada, hebu cheki kabla nichome. Iko sawa?"

Nilimtazama yule njiwa kwa muda mrefu. Alikuwa mzuri kuliko wa kwanza.

"Iko sawa," nikasema. "Choma tu."

Kioo kilitoka kizima, kikapandishwa juu ya altare, kikabarikiwa. Jumapili ya tatu, padri akiwa katikati ya mahubiri na jua limekipiga, tukasikia ta! Ufa ulipita shingoni mwa njiwa. Kanisa lote likageuka kumtazama aliyemtengeneza. Nilifurahi, Mungu anajua. Nilifurahi mpaka nikainamisha kichwa nikijifanya nasali.

Baada ya misa alinifuata, macho mekundu.

"Dada, nilikosea wapi?"

Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini nyuma yake nikamwona padri akija kumfariji yeye, akinipita mimi kama nguzo ya mlango.

"Moto," nikamwambia. "Moto ulikuwa kidogo."

Padri amempa nafasi ya kurudia. Ameshatengeneza vingine vitatu, vyote njiwa mweupe kwenye anga la kijani. Hutoka vizima, vikakaa siku kadhaa mezani kwake, vikapasuka. Mikono yake imeungua hadi kwenye viwiko, na siku hizi haimbi tena.

Leo asubuhi alisimama mlangoni kwangu na gunia la makaa kichwani, akaniuliza kama aongeze moto. Nikamwambia aongeze.