Dizeli na Petroli Njia ya Kamsamba

Mume wangu nilianza kumsikia kabla sijamwona. Alikuwa akiuza mabati, misumari na mbao pale Tunduma, na pikapu yake ya dizeli, iliyosikika mtaa mzima, ndiyo iliyokuwa miguu ya duka. Tulipooana nikajifunza kuendesha ndani ya pikapu hiyohiyo, kwa hiyo kwa miaka mingi nilidhani magari yote yako hivyo: unazungusha ufunguo nusu, unasubiri kitaa cha njano kizime, ndipo unawasha. Injini inakohoa, inatikisa viti, kisha inashika mngurumo wake. Kuondoka hakukutaka hata kukanyaga mafuta. Uliachia klachi polepole, gari likajivuta lenyewe kama ng'ombe aliyezoea jembe.

Miaka ile magari madogo yaliyotumika Japani yalipoanza kuwa ya walimu na wauguzi, si ya wakubwa peke yao, nami mwalimu wa shule ya msingi nikapata langu. Lilikuwa jeupe, la petroli, la gia za mkono. Siku ya kwanza lilifanya watu wanicheke mbele ya shule. Niliachia klachi kwa mazoea yangu, likaruka, likazima. Nikawasha tena, likazima tena. Mwalimu mwenzangu akaniambia nikanyage mafuta kidogo kwanza. Nikakanyaga, likalia kwa sauti nyembamba kama cherehani, likachomoka.

Jambo hilo lilinikaa kichwani. Magari yote mawili yana usukani na pedeli tatu. Kwa nini kila moja linataka mguu wa tabia yake? Jioni nikamuuliza mume wangu.

"Petroli inawashwa na cheche ya plagi," akasema. "Dizeli haina cheche. Inabanwa mpaka inaungua yenyewe. Ndiyo maana ina nguvu, na ndiyo maana ina kelele."

"Na moshi je?"

"Moshi ni pampu. Nitaipeleka kwa fundi."

Hakuipeleka. Na gari langu akaliita Kiberiti.

Mama mkwe alikuwa akiishi peke yake Mbozi, kwenye shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu baba mkwe. Mume wangu, kijana wake wa pekee, alimfuata mara kwa mara kwa pikapu na kumpeleka hospitali, maana mgongo na magoti vilikuwa vikimsumbua. Binti yake, yaani wifi yangu, aliolewa Kamsamba, kwa mfugaji aliyekuwa pia na mashamba ya mpunga. Mwaka mmoja, baada ya mavuno, wifi alituma ujumbe kwamba anaongeza nyumba na anaomba mabati. Mume wangu alielewa kuwa ni ghala la mpunga. Mama aliposikia pikapu inakwenda huko akasema naye anakwenda. Lakini mgongo wake usingeiweza pikapu kwenye njia ile, ndipo nikasema nitambeba mimi.

"Kiberiti kitafika kweli?" mume wangu akauliza.

"Ndicho ninachotaka kujua," nikamjibu, na nilimaanisha.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Tunduma mnaijua. Asubuhi ile pikapu iligoma. Mume wangu alisubiri kitaa kizime, akawasha, ikakohoa tu, akasubiri tena. Langu liliwaka mara moja. Nikaendelea kufuta kioo. Wakati huo mama, aliyefika kwetu usiku wa jana yake kwa lori la kahawa, alikuwa akitoa mizigo: sanduku lake la bati, godoro, jiwe la kusagia, na kuku wawili waliofungwa miguu.

"Mama, unahama nini?" mume wangu akamtania.

"Ndiyo," mama akasema. Tukacheka sisi wawili, yeye hakucheka.

Kwenye barabara ya Sumbawanga nilimwacha mume wangu nyuma bila kutaka. Kiberiti kilikuwa chepesi, ukikigusa kinaruka, na tulikuwa tunaongea na mama kwa sauti ya chumbani. Aliniuliza, "Mbona hili limezimika?" Nikamwambia halijazimika, ndivyo linavyokwenda. Akainamisha kichwa kusikiliza, akatabasamu. Tulipoiacha lami mambo yakageuka. Nikawa natafuta njia kati ya mawe huku pikapu ikinipita kama haioni shimo.

Chitete tulisimama kunywa chai na maandazi. Mbele yake njia inateremka, ina makorongo. Mume wangu akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo. Mama yangu simwachi huko na Kiberiti chako."

"Basi nipe dizeli," nikasema, nikiwa nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha. Sikuwahi kuishusha kwenye mteremko ikiwa na mzigo.

Niliweka gia ya pili, nikatoa mguu kwenye kila kitu. Injini ikalishika gari. Ikashuka taratibu kama mtu anayemwongoza mgonjwa kwa mkono, mabati yakipiga kelele nyuma, na breki sikuigusa ila mara chache. Nikagundua kuwa ndani ya kelele ile naweza kuimba kwa sauti yangu yote. Nikaimba nyimbo za kwaya mpaka koo likauma.

Mbele yangu, ndani ya vumbi, gari jeupe lilikuwa linakwenda kwa namna isiyoeleweka. Linakwenda, linasimama. Mara moja mume wangu akashuka, akalizunguka akiwa ameweka mikono kichwani, akarudi ndani. Nikadhani amegonga jiwe. Nikamfikia, nikapiga kelele dirishani, "Limegonga?" Akanipungia mkono kwamba hapana, akaondoka mbele yangu.

Kabla ya kufika Msangano kuna kijito ambacho Julai bado kina maji ya kufika magotini. Mume wangu aliingia kwa haraka isiyo yake. Maji yakaruka mpaka juu ya boneti, Kiberiti kikakohoa, kikazima katikati. Mimi nikaingia na pikapu polepole, maji yakapita chini, nikatokea ng'ambo bila shida. Nikazima injini, nikarudi kwa miguu, sketi nimeikunja.

Alikuwa amefungua boneti, anafuta waya za plagi kwa khanga ya mama.

"Dizeli haina plagi za kulowa," nikamwambia kwa utani. Hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu.

Magari yote mawili yalikuwa kimya. Mama, miguu ameipandisha juu ya kiti, akasema kutoka ndani, "Mwambie mkeo."

"Mama hakuja kutembea," mume wangu akasema. "Amehamia. Nyumba inayojengwa ni yake."

"Na nilimwambia," mama akasema. "Nilimwambia siku tunakwenda hospitali, akasema, ndiyo mama. Nikamwambia tena siku tunarudi, akasema, ndiyo mama, vizuri. Nikamtumia dada yake habari kwamba kaka yake amekubali, asimamishe kuta."

"Mama, kwenye pikapu ile mimi nilikuwa nasikia neno mama tu!"

"Sasa leo umesikia."

Mume wangu akaweka khanga begani. "Watu watasema nini? Mama ana mtoto wa kiume mwenye duka, anakwenda kukaa ukweni kwa binti yake? Watasema nimeshindwa kumtunza."

"Baridi ya Mbozi inaniuma mifupa. Hao watu wana mifupa yangu?"

Nikauliza nilichokuwa natamani kujua. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakaribiani hovyo. "Na mkweo, mama?"

"Mlango wangu utatazama mashariki, wake unatazama magharibi. Nimeshaagiza hivyo."

Mume wangu alisimama ndani ya maji akitazama kule maji yanakokwenda. Nilimwonea huruma. Mwishowe akagusa waya, akaniuliza kama zimekauka. Nikamwambia jaribu. Injini ilikohoa, ikashika.

Kamsamba joto lilitupokea kama tumefungua mlango wa tanuri. Mama akavua sweta, kisha akavua na lingine. Kuta zilikuwa tayari, nadhifu, hazina paa. Shemeji, mume wa wifi, alitusalimu kwa mbali akiwa amegeuzia uso zizini, kwa heshima ya mama. Nilidhani mume wangu atashusha mabati na kununa. Kesho yake alipanda mwenyewe juu, akapigilia kila bati, na alipomaliza akaingia ndani kutazama kama kuna tundu la mwanga. Mama alikuwa ameshaweka jiwe lake la kusagia penye kivuli.

Tuliporudi pikapu ilijaa magunia ya mpunga. Niliiendesha mimi, na mlima wa Chitete iliupanda kwa gia ya chini bila kulalamika. Juu nilimkuta mume wangu amesimama, injini ya Kiberiti imechemka, anasubiri ipoe aongeze maji. Nikamuuliza kama tubadilishane.

"Endelea na hilo," akasema. "Hili limenizoea."

Wiki iliyofuata tulikwenda Mbozi kufunga nyumba ya mama, mume wangu na Kiberiti, mimi na pikapu ya kubebea vitu. Majirani walikuwa wanaanika kahawa. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba mkwe, akaja mpaka uani, akauliza mama yuko wapi.

"Amehamia kwa dada, Kamsamba," mume wangu akasema. "Kwa ajili ya joto."

"Ghafla hivyo?"

"Hapana, baba. Aliniambia mapema kabisa. Nikakubali."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa pikapu. Nikapanda haraka nikaiwasha, wasije wakanisikia nikicheka.