Nguzo ya Pembeni Iliyotazama Maji

Tulikuwa sita pale. Papa yangu, mwenye mahali pake pa kuvua katika maporomoko, mahali alipoachiwa na baba yake. Yaya yangu, ndiyo kaka yangu mkubwa, aliyekuja na nyundo. Shangazi, dada ya papa, mjane, aliyenilea tangu mama alipofariki. Mume wangu, masoni, fundi wa kujenga, mtu wa upande wa Bafwasende, mtu wa msitu asiyejua kuogelea. Mgriki mwenye nyumba, muuza vitambaa na makayabu, samaki wa chumvi waliokaushwa. Na mimi, mke mchanga, na sufuria ya lituma, ndizi za kupondwa, mkononi. Majina yao yote ninayo, hata jina la mbwa wa Mgriki. Sitayaandika. Wajukuu wao wanapita mlangoni kwangu na ninataka waendelee kunisalimia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, wakati wazungu waliuita mji wetu kwa jina la mzungu mwenzao na sisi tukauita Kisangani.

Bon, kwanza niwaeleze kamba, maana bila kamba hamtaelewa kwa nini watu waligombana juu ya saruji.

Kwetu, watu wa maporomoko, miti tunayosimamisha katikati ya mawe, pale maji yanapokasirika, ina wenyewe. Ndipo tunapofunga vikapu vikubwa vya kukamatia samaki. Katika ukoo wetu, mtu akitaka kuonyesha kwamba mahali ni pake, alichukua kamba moja ya msituni, akaviringisha ncha zake zote mbili mpaka zikawa kama macho mawili, akaitundika juu ya mti. Macho yaliangalia upande wa maji ulio wake. Ukiyaona, unapitisha mtumbwi wako mbali. Ukibisha, unaikata ile kamba. Mwenyewe akirudi kuifunga upya, maana yake yuko tayari kusimama mbele ya wazee. Asiporudi, basi, alikuwa anajaribu tu.

Siku niliyoolewa, papa alimpeleka mume wangu kwenye mawe, akamwonyesha mahali petu, akamfundisha kuviringisha kamba. Mgeni hafundishwi kitu kile. Papa alimfundisha.

Sasa Mgriki akajenga nyumba mpya juu ya ukingo, pale barabara na mto vinapokaribiana. Alitaka baraza yenye nguzo kama za mahekalu ya zamani ya kwao. Dukani alikuwa na kalenda yenye picha ya hekalu hilo: paa limeanguka, nguzo zimebaki. Mume wangu aliitwa kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi katika plasta. Alirudi nyumbani anacheka.

"Muzungu anataka nguzo yenye tumbo!"

Kweli, nguzo haikuwa nyoofu. Katikati ilinenepa kidogo, halafu ikapungua ikipanda. Mgriki alisema ikiwa nyoofu kabisa, jicho litaiona imekonda. Mwilini mwake mume wangu alichonga mifereji kutoka juu mpaka chini, na kati ya mfereji na mfereji aliacha ukingo bapa, mwembamba. Chini alizungusha pete za saruji, kama vikuku miguuni mwa bibi harusi. Na juu akaweka kichwa.

Kichwa ndicho kilicholeta maneno. Mbele kilikuwa na mizingo miwili, mmoja huku na mmoja kule, inayojiviringa kuingia ndani mpaka inaishia kwenye kijicho. Ukienda ubavuni, mizingo huioni. Unaona kitu kama mkeka uliokunjwa na kufungwa kiunoni. Mgriki alisema hivyo ndivyo watu wa Ionia, mababu zake, walivyozipamba nguzo zao.

Zilikuwa nguzo nne, zote zinatazama barabara. Papa alipita siku moja, akasimama, akaniuliza neno moja tu.

"Mume wako alijifunza wapi kuzungusha vile?"

"Kwenye picha ya kalenda, papa."

"Mm."

Papa yangu akisema "mm", watu wazima walikuwa wanahesabu makosa yao. Tangu siku hiyo nikaanza kuangalia mikono ya mume wangu wakati anakula.

Pengine yangeishia hapo. Lakini Mgriki alivuka mto kwa mtumbwi kwa shughuli zake, na akirudi akaiona nyumba yake kutoka majini. Nguzo ya pembeni ilimwonyesha ule mkeka, ubavu wake, na hakupenda. Akaamuru kichwa chake kivunjwe, kitengenezwe tena kiwe na mizingo upande wa barabara na upande wa mto pia, na pale pembeni pande mbili zinapokutana, mzingo utokeze mshazari kama pembe ya kondoo dume. Alisema hata kwenye mahekalu nguzo ya pembeni hufanywa vile, kwa kuwa inatazamwa na watu wa njia mbili.

Mume wangu alikifanyia kazi kichwa kile kuliko vyote. Siku walipoondoa magunia yaliyokifunika, macho yalikuwa yanatazama maji. Na chini yake, sawasawa, palikuwa mahali petu.

Niliyakuta haya nilipompelekea mume wangu chakula: papa, yaya na shangazi wamesimama chini ya baraza, mume wangu juu ya ngazi, Mgriki mlangoni.

Yaya ndiye aliyeanza, akamwita shemeji yake. "Semeki, shuka. Shuka utuambie ulimuuzia muzungu maji yetu lini."

"Miye siuzi maji. Miye hata kuyaogelea sijui."

"Ndiyo maana unayauza!"

Shangazi alikuwa ameinua shingo, anatazama. "Ngojeni kwanza," akasema. "Kamba yetu, macho yote mawili yanazunguka upande mmoja, kama maji kwenye shimo. Haya yanaangaliana, kama mutu na kioo. Si yetu."

"Dada," papa akamjibu, "mwizi wa mtumbwi huupaka rangi."

Mgriki akajua kwamba anatajwa. Alikisema Kiswahili chetu polepole, kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mto. "Papa, miye sitaki samaki yenu. Samaki yangu inafika katika magunia, imekauka."

"Ndiyo sasa unataka mbichi!" yaya akasema, na hata mume wangu juu ya ngazi aliuma mdomo asicheke.

Papa hakucheka. "Hii nguzo inamuangalia nani kule majini?"

"Watu wanaopita na mitumbwi."

"Wale ni siye."

"Ndiyo," Mgriki akasema. "Ninyi. Ni heshima."

Heshima! Mtu anatundika macho juu ya maji ya wengine, halafu anasema ni heshima. Yaya alipanda ngazi upande wa pili, akapiga. Ile pembe ya kondoo ikadondoka. Mbwa akakimbilia nyuma ya nyumba. Mgriki hakupiga kelele, na hilo lilinitia shaka kuliko kelele. Aliokota kipande, akakipangusa vumbi kwa shati lake, akamwambia mume wangu, "Kesho utatengeneza."

Papa naye akamgeukia mume wangu. "Ukiifunga upya, nimejua. Binti yangu anarudi kwangu."

Nyumbani, alipomaliza kunawa, mume wangu akaniuliza.

"Nikitengeneza, utakwenda?"

Nilipanga sahani.

"Na nisipotengeneza, watasema nilikuwa ninajaribu tu. Mwizi aliyeogopa."

Nilikuwa ninamtazama vidole. Sikujua ninalala na mtu gani.

Kesho yake nilipeleka chakula mapema, nikamkuta ameshuka kwenye ngazi, ananawa mwiko. Nikatazama juu. Upande wa barabara mizingo ilikuwepo, wa pembeni ameurudisha bapa kama ya nguzo nyingine. Upande wa mto hakuwa ameirudisha ile pembe iliyovunjwa, na hata ule mzingo mwingine ambao yaya hakuugusa, alikuwa ameukwangua mwenyewe. Palikuwa laini, mviringo, pametulia kama yai. Hapakuwa na macho, wala mkeka, wala kamba iliyokatwa.

"Patron," alimwambia Mgriki, "upande wa mto saruji haishiki. Unyevu."

Mgriki alipanda, akaweka kiganja pale kwa muda mrefu. Alimtazama mume wangu. Akanitazama mimi na sufuria yangu.

"Haishiki," akasema.

Hakuamini. Ninaujua uso wa mtu asiyeamini, ninao mwenyewe. Aliposimamisha ghala lake jipya, alimwita masoni mwingine.

Papa alikuja kuona, akasema "mm" yake. Siku vikapu vilipoinuliwa, alimtuma shangazi kwetu na samaki mzima, na kichwa chake. Kwetu mgeni anapewa mkia, mtu wa nyumbani anapewa kichwa. Nikampikia mume wangu kichwa kile, nikakaa naye mpaka nilipomzika. Yaya hakula kwangu tena maisha yake yote.

Lakini Mgriki, kila jioni mpaka alipoondoka, aliweka kiti chake chini ya kichwa kile laini, si chini ya vile vingine vitatu vizuri, akatazama mahali petu. Alikuwa anatafuta nini? Nilimuuliza mume wangu tukiwa wazee, "Niambie ukweli, uliuza?" Akanijibu, "Mama, niliharibu kazi yangu nzuri kuliko zote, na wewe bado unauliza." Si jibu. Niliendelea kumpenda, na niliendelea kumwangalia vidole.

Kama yupo ambaye mkubwa wake alikuwa majini siku ile na aliona vingine, kwamba pembe iliyodondoka ilikuwa ya kushoto, au ni papa aliyeshika nyundo, aje anirekebishe. Mchana mlango wangu hauna kufuli. Ila aanze kwa kuniambia yeye ni mtoto wa nani.