Bunduki Iliyonikaa Shavuni

Nianze kwa kusema kwamba bunduki yenyewe haiui. Nimechoka kulieleza hilo. Kila ninaposhuka nayo garini, watu wa huku, ambao wanazijua bunduki kuliko ninavyoijua Baba Yetu, huizunguka na kuuliza ni ya nchi gani. Ni ya hewa, nawaambia. Unaipampu kwa mguu, inarusha sindano ya dawa ya usingizi, mnyama analala, namtibu, anaamka. Wanacheka. Siku hizi nawaacha wacheke.

Mimi ni afisa wa mifugo hapa Lodwar, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Nililetwa kwa miaka miwili. Niliokuja nao waliandika barua wakahamishwa. Zangu sijui hukwama wapi. Natakiwa kufika hadi Lokiriama mpakani, na nikienda Kalokol, kule ziwani, naulizwa habari za samaki, kana kwamba samaki nao wana kwato. Usingizi wangu wa wakati ule ulikuwa wa kuibia: nikisubiri mafuta ya gari, au chifu akihutubu. Niliweza kulala nimesimama, haki ya Mungu.

Sasa, ile bunduki ililetwa na kitako kirefu, cha mtu mwenye mikono mirefu, nami ni mfupi. Ili nione shabaha ilinibidi kuvuta shingo kama kobe, na sindano zilikwenda zinakotaka zenyewe. Nikajitolea kununua kitako kingine kutoka Nairobi, cha plastiki, kile cha kurefusha na kufupisha kwa skrubu, pamoja na mshiko wa mpira. Skrubu zilimalizwa na mitikisiko ya barabara. Mshiko nao ulishindwa na joto la Lodwar, ukaanza kunata. Siku moja nilimpa mkuu wangu mkono baada ya kuishika bunduki, akaunusa wake na kuniuliza nimeshika nini. Nilipomweleza shida yangu, akasema ofisi haina fungu la vitako.

Aliyeniokoa alikuwa mchongaji mmoja wa Kakuma. Nilikuwa huko kwa chanjo ya mbuzi, nikamkuta nje ya duka la kuchaji simu anachonga ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa Kiturkana hatoki bila kukibeba, anakikalia na kukilalia kichwa. Alikuwa mtu wa rika langu, mwenye uso wa kugombana. Nilimwonyesha bunduki na kumpa futi ya kupimia. Futi aliiweka chini bila kuitazama.

“Lala,” akasema.

Nikalala ubavu juu ya mchanga, mtumishi wa serikali mzima, watu wa sokoni wakipita. Alinisukumia gogo chini ya shavu, akatazama taya, akatia alama kwa kucha, akanigeuza, akanilaza tena. Nilimwambia kwamba bunduki hailaliwi, hulengwa. Alinijibu kuwa shavu ni shavu tu. Ubishi ukaishia hapo, maana pale chini palikuwa pazuri.

Niliporudi baada ya siku kumi alikuwa amemaliza. Kitako cha mti mgumu, mweusi kidogo, chenye bonde dogo la kukaa shavu, na mshiko uliovikwa ngozi ya mbuzi. Nilipoiweka begani nusura nilie. Kwa mara ya kwanza katika wilaya hii kulikuwa na kitu kilichotengenezwa kwa kipimo changu. Punda wa kwanza niliyemlenga nilimpata pale pale nilipotaka, na wa pili vilevile. Nikaanza kujiona fundi.

Ndipo nikaitwa kwenye njia ya Lokiriama kwa habari ya ngamia. Mama mmoja, mjane, ukame ulikuwa umemwachia majike watatu na dume mmoja. Dume huyo alikuwa kwenye joto la kupanda, povu mdomoni, na alikuwa amemng'ata mchungaji mkono mpaka mfupa ukaonekana. Wazee waliamua apigwe risasi. Mama aliwasihi wamngoje daktari, kwani huku sisi wote wa mifugo ni madaktari. Wakakubaliana hivi: nikimlaza kwa sindano, nisimhasi, kwani hilo mama alilikataa. Nimfunge miguu, nimkate meno makali, akae amefungwa mpaka joto limtoke. Nikishindwa, polisi wa akiba wa pale kijijini atamaliza kazi. Mama alinieleza bila kulia. Bila dume, alisema, majike hawazai, na asiyezaa hatoi maziwa, na yeye hana kingine cha kula wala cha kuwalisha wajukuu.

Niliipampu bunduki mbele yake. Aliutazama mguu wangu ukipanda na kushuka, akauliza bunduki inakula nini. Hewa tu, mama, nikamwambia. Aliona ni ajabu, akacheka kidogo.

Dume alizoea kuja kunywa kisimani, ndani ya lagga, ule mto mkavu wa mchanga, jua likianza kuinama. Nililala kifudifudi nyuma ya gogo, hatua ishirini na tano kutoka kwenye hori. Watu walijipanga nyuma yangu kwenye vichaka, na polisi wa akiba upande mwingine. Nikaweka shavu langu pale bondeni. Nilikuwa nimetoka kuchanja siku tano mfululizo, na nilikuwa nimeendesha tangu alfajiri. Mchanga ulikuwa na joto. Ule mti ulinipokea uso kama mkono wa mtu.

Nilichosikia baadaye ni mlio wa risasi.

Nilipoinua kichwa, dume alikuwa amepiga magoti kando ya hori, kisha akalala upande. Alikuwa amekuja zamani. Alikuwa amekunywa maji mpaka akatosheka, ubavu wake umenielekea, mnyama mzima ambaye hata kipofu asingemkosa. Halafu aliwageukia wanawake wenye mitungi, na polisi wa akiba hakuwa na la kufanya ila kumpiga. Bunduki yangu ilikuwa bado imejaa. Nilikuwa nimechapa usingizi mbele ya kijiji kizima.

Mama alikuja taratibu, akachutama karibu yangu. Nilingoja anitukane. Laiti angenitukana.

“Daktari, kwa nini hukupiga?” aliuliza. “Sisi tulinyamaza wote. Hata watoto mimi niliwafunga mdomo. Niliwaambia nyamazeni, daktari anapima.”

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Kuna mtu alitaka kunitupia kijiwe, mama akamzuia. Alikaa nyuma yangu, akiutazama mgongo wangu uliotulia, akiwatuliza watu ili nisikosee, na mimi nakoroma, sijui, labda hata kukoroma sikukoroma. Wangesikia.

“Hewa iliisha, mama,” nikasema.

Ulimi ulilitoa neno hilo wenyewe, nami sikulirudisha. Polisi wa akiba alikuwa amefika. Alinitazama shavu, na najua alichokiona, kwa sababu nilipojipapasa niliukuta mstari wa kitako umejichora kutoka sikioni hadi mdomoni. Alikwenda kusaidia kuchuna.

Mama alifikiri kidogo, kisha akasema basi si makosa yangu. Akanipa nyama, fungu la mgeni, na nikala, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo. Sijui ladha yake ilikuwaje.

Nilipofika Lodwar nilichukua tupa nikalifuta lile bonde. Sikutaka kurudi Kakuma kumweleza mchongaji kwamba kazi yake ilikuwa nzuri kupita kiasi. Sasa kitako kimekaa bapa, kinaniumiza mfupa wa shavu, na silali. Kila mnyama ninayemlaza vizuri tangu hapo namhesabu, halafu namkumbuka yule dume.

Miezi ikapita, nikarudi kule kwa chanjo. Niliomba moyoni mama awe amehama. Hakuwa amehama. Majike wawili walikuwa wamesimama nyuma ya kibanda chake; wa tatu sikuuliza. Tukasalimiana, ejok, ejok, naye akaingia ndani akatoka na kitu kimefungwa kwa kanga kuukuu.

Ilikuwa pampu ya mguu, ile ya kujazia pikipiki, mpya, mpira wake bado unang'aa. Alikuwa ametoa ngozi ya yule dume kwa mwenye duka ili aipate. Aliiweka chini mbele yangu, akaikanyaga mara mbili kunionyesha kwamba inafanya kazi.

“Shika, daktari,” akasema. “Isiishe tena kwa mwingine.”

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Tulikuwa wawili tu. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema asante mama, nikaitia garini.