Mlinzi wa Jumba la Katuba

Ipo siku moja ya mvua ya Novemba ambayo haijanitoka akilini mpaka leo, mwanangu, na ninakusimulia kwa sababu ya ile picha uliyonionyesha Jumamosi uliponinyoa. Ghorofa mbili, nguzo nyeupe nne mbele, ngazi kama za benki. Ukasema unataka kumjengea mama yako kule kwetu Kongo, Likasi. "Eish, Mzee, hii itakuwa sharp," ukasema, na mimi nikafumba macho, ukadhani usingizi umenichukua. Sikuwa nimelala. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Siku hiyo ya mvua nilikuwa kijana wa umri wako. Nilikuwa mlinzi Kensington, hapa hapa Joburg, kwenye nyumba kubwa ya mteremkoni, mali ya mjane wa Kiingereza ambaye mdomoni nilimwita Madam na moyoni nilimwita Bibi. Kibanda changu kilikuwa langoni: kiti kimoja, birika, na dirisha la ukubwa wa sinia. Bibi alikuwa na vyumba saba na hakuwa na mtu wa kuzungumza naye isipokuwa mimi na redio. Watoto wake walikuwa ng'ambo. Mvua ilipozidi alinishushia chai, na chini ya koti lake la mvua alikuwa amekumbatia kitabu kizito. Akaniambia nikitazame, nisije nikasinzia.

Kilikuwa kitabu cha majumba na nyumba za mashamba za wafalme wa Uingereza, zile walizoishi zamani na ambazo sasa si zao tena. Moja imekuwa shule, nyingine kambi ya askari, nyingine inakaliwa na wapangaji tu. Macho hayana pazia, nikafunua ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikafika kwenye jumba moja liitwalo Nonsuch. Bibi aliniambia maana ya jina hilo ni kwamba hakuna jingine la kufanana nalo. Lilikuwa na minara miwili, mmoja kila pembe, yenye pande nane na bendera juu. Majumba mengi mle yalikuwa yamepigwa picha kwa kamera. Hili lilikuwa limechorwa kwa mkono, na sikujiuliza kwa nini. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza kidogo kidogo cha kuumiza macho, nikayaruka.

Sisi watu wa Joburg unajua tunavyojenga, mwanangu. Tunajenga kwa simu. Fundi yuko kwao, wewe uko huku, na katikati yuko dereva wa basi anayebeba barua na picha. Nikaenda kutoa kopi ya ukurasa ule kwenye duka la barabara kuu, nikampa dereva wa basi la Lubumbashi, nikampigia fundi: nataka minara hii miwili, kwenye kiwanja cha mama, mtaa wa Katuba.

Nitakuambia ukweli kwa nini niliitaka. Mtu anayekaa saa kumi na mbili kwenye kibanda akifungulia magari ya wengine hutamani pawepo mahali ambapo yeye ni mfalme. Nilikuwa mpweke, na sikujua kwamba huo ndio upweke. Nilidhani ni maendeleo.

Nyumba ya mama ilikuwa ya vyumba viwili, ya matofali ya kuchoma, na pembeni palikuwa na jiko la mabati lililo wazi pande mbili. Hapo ndipo alipoweka mbabula yake, lile jiko la makaa ambalo kwetu kila mwanamke analo. Kati yake na jirani, Mama Kapinga, palikuwa na ua wa miti wenye pengo lililochongwa na miguu ya watu. Aliyeishiwa moto alipita pale kuomba makaa mekundu mawili. Aliyeishiwa chumvi alipita pale pale. Wengine hawakuishiwa kitu, walipita tu. Nimekua nikiona pengo lile na sikuwahi kulihesabu kuwa ni sehemu ya nyumba.

Fundi akanipigia: minara haienei, labda jiko na ule ua viondoke. Nikamwambia bomoa. Sikumuuliza mama. Zawadi haiombewi ruhusa, ndivyo nilivyojidanganya. Mama aliposikia alisema neno moja tu kwenye simu: "Mutoto wangu, na mi nitapikia wapi?" Nikacheka, nikamwambia ndani kutakuwa na jiko la umeme la sahani nne. Akasema, "Muzuri. Merci." Nikaisikia ile merci, ile asante ya Kifaransa, nikaona ni furaha.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao sikuuacha tu, niliuvunja kwa nyundo.

Ikapita miaka. Picha zikawa zinakuja na dereva: msingi, kuta, mnara wa kwanza, mnara wa pili, ukuta wa kuzunguka kiwanja chote kwa ajili ya wezi, lango la chuma, na kibanda cha mlinzi langoni, kwa sababu jumba lisilo na mlinzi lingekuwa aibu. Mlinzi mwenyewe sikuwa nimemwajiri bado. Picha hizo nilizibeba mfuko wa shati, na watu wa mtaa wetu huu wa Yeoville waliziona hata waliokuwa hawataki.

Bibi naye akaniomba azione. Nikampa nikiwa nimevimba kifua. Alizitazama muda mrefu sana, moja moja, kisha akaingia ndani akarudi na kile kitabu, akanisomea yale maandishi madogo niliyoyaruka. Kwamba mfalme aliyelijenga Nonsuch, ili apate nafasi ya jumba lake, alibomoa kijiji kizima na kanisa lake. Kwamba alikufa kabla halijakwisha. Kwamba waliolirithi baadaye hawakujua walifanyie nini, mwisho likavunjwa, na ndiyo maana kitabuni ni mchoro, si picha. Alipokuwa msichana mdogo aliishi karibu na hapo, akasema. Ni majani matupu na mawe machache ya kuonyesha kuta zilipokuwa. Walikuwa wakienda huko kutembeza mbwa wao.

Kisha akaniuliza, "Nani anaishi humu kwako?"

Nikasema mama.

"Na nani?"

Nikaanza kukusanya picha zangu. Akafunga kitabu, akasema yeye ana vyumba saba na anaishi katika kimoja, kile cha jikoni, kwa sababu kutoka hapo anaona taa ya kibanda changu. Nilikasirika, mwanangu. Nilisema moyoni, Mzungu huyu ananionea wivu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilikuwa njiani.

Desemba ile nikapanda basi. Zimbabwe, Zambia, foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, siku tatu za miguu kuvimba. Nikafika Katuba jua limekwisha kupanda. Minara niliiona kutoka mbali, juu ya mabati ya watu, na nikiri kwamba nilikaribia kucheza barabarani na mizigo kichwani. Nikafika langoni, nikagonga chuma.

Dirisha dogo la kibanda likafunguka. Sauti ikauliza, "Njo nani?"

Alikuwa mama.

Akatoka polepole, funguo zikiwa zimefungwa kamba shingoni. Alikuwa amevaa koti langu la ulinzi, lile lenye mistari inayong'aa, nililomtumia kwa ajili ya baridi. Nyuma yake, ndani ya kibanda, niliona godoro, kiti kilichotazama barabara, na mbabula yake ikiwa na makaa. Alikuwa anachemsha maji ya bukari, ugali wetu.

Nilidhani amekuja langoni kwa dakika moja. Kumbe alikuwa akiishi humo tangu paa lilipoezekwa. Jumba lilikuwa safi, alilipiga deki kila asubuhi kisha akafunga mlango na kutoka. Makochi yalikuwa bado ndani ya nailoni. Jiko la sahani nne halikuwahi kuwashwa. Ukutani palikuwa na picha yangu, kubwa, nikitazama sebule isiyokaliwa. Mama Kapinga alikuja mara moja, akavua viatu mlangoni kwa kuogopa vigae, akakaa ukingoni mwa kochi, akanywa soda, akaondoka. Hakurudi. Kuja kwake sasa ilibidi azunguke mtaa mzima, apige lango, asubiri kufunguliwa. Kwa ajili ya chumvi, nani atafanya hivyo?

Nilimfokea mama. Ndiyo, nilimfokea, Mungu anisamehe. Nikamuuliza kwa nini ananiaibisha kwa watu. Akaniacha nimalize, akageuza bukari yake, akanena bila kupandisha sauti.

"Mutoto wangu, hii nyumba ni ya kuangalia. Bantu banaisifu kule njiani, kisha banapita. Mu lupango yangu ya zamani, mu ile kiwanja, kulikuwa na tundu, na kila siku kulikuwa mutu. Hapa mu kibanda, mi nasikia angalau miguu yabo." Kisha akanitazama na lile koti langu mwilini mwake. "Weye unalinda nyumba ya muzungu, mi nalinda yako. Sisi bawili tuko balinzi. Mwenye nyumba njo nani?"

Nililia mbele ya mama yangu kwa mara ya kwanza tangu utoto, na tukala bukari ile tukiwa tumekaa kizingitini mwa kibanda, mgongo wetu kwenye minara.

Nilikaa siku kumi na sita. Nilitaka tuvunje kipande cha ukuta upande wa Mama Kapinga, turudishe lile pengo. Fundi alikuwa amesafiri kwa sikukuu. Nyundo ningeweza kuazima, mikono nilikuwa nayo. Nikasema mwaka ujao. Mwanangu, katika makosa yangu yote, hilo ndilo linaloniamsha. Jumba nililijenga kwa ujinga, lakini ile mwaka ujao niliisema nikiwa nimekwisha kuelewa.

Mama alifariki Juni, wakati wa baridi. Mama Kapinga ndiye aliyegundua, aliona dirisha la kibanda halijafunguliwa asubuhi. Habari ilinifikia nikiwa kwenye kibanda changu. Mazishi yalikuwa kesho yake, na basi ni siku tatu. Bibi aliona nimeshika simu bila kuongea, akatoka na kiti chake cha jikoni, akakaa nami mle ndani, magoti yetu yakigusana kwa ufinyu, mpaka jua likazama. Watu wa Katuba walinisimulia kwamba kwenye matanga hakuna aliyeingia sebuleni, watu walikaa uani kukizunguka kibanda.

Ukuta niliagiza uvunjwe mwezi uleule. Majuto ni mjukuu. Sasa Mama Kapinga anauzia makaa kwenye kibanda, na watu wanapita kama zamani. Minara bado ipo, imejaa popo. Bibi naye alifariki, na nyumba yake ya Kensington imegeuzwa ofisi. Nilipita hapo mwezi ulioisha. Kibanda kipo, na kijana yumo, anatazama simu. Sijui kama ni picha ya nyumba.

Watu huniuliza kwa nini sirudi kukaa kwenye jumba langu. Nitakaa na nani? Hapa Yeoville nina chumba kimoja, na mlango wangu uko kwenye korido. Watoto wa majirani hunisalimia kwa Kizulu nami huwajibu kwa Kiswahili, na Jumamosi wewe unaninyoa. Si mengi. Kuna Jumapili mchana ninahesabu nyayo za kwenye korido kama mama.

Basi nasaha yangu ni hii, wala sikukatazi kujenga. Kabla hujampelekea fundi picha ile, mpigie mama yako, umuulize anapika wapi, anakaa wapi jioni, nani huja bila kualikwa na huingilia upande gani. Huo upande usiuguse. Kilichobaki jenga upendavyo, hata nguzo zako nne. Na safari ya kwenda kumwona iwe kabla ya paa, isiwe baada yake. Nyumba njema si mlango, walisema wazee, na mimi naongeza kwamba si mnara pia. Ukiona kosa lako, azima nyundo siku hiyohiyo.

Mungu akutunzie mikono yako hiyo inayonyoa watu. Akupe nyumba ya kukutosha, na mama yako akupokee ndani yake, si langoni. Na katika uzee wako asikose mtu wa kuja kukuomba chumvi.